Askari wa Sataranji Harudi Nyuma

Walimu wengi wanaosimamia vyama vya sataranji shuleni wana desturi isiyonipendeza hata kidogo. Huwakaririsha wanafunzi hatua kumi za mwanzo, kisha wakawaacha jangwani. Mwanafunzi hupeleka askari wa malkia hadi d4, mpinzani akajibu d5. Hufuatiza c4, akajibiwa e6. Kete zikishatoka zote, hajui aendako.

Chukua hiyo hiyo Gambiti ya Malkia inayokataliwa. Mwaka 1927 kule Buenos Aires, Capablanca na Alekhine waliposhindania ubingwa wa dunia, michezo 32 kati ya 34 ilipitia njia hiyo. Mweupe akimla askari wa d5, na mweusi akalipiza kwa askari wa e, ubao hubadilika sura. Upande wa malkia mweupe hubaki na askari wawili, mweusi watatu. Mwenye kuhesabu vichwa tu atadhani aliye na wachache atulie. La hasha! Wawili hao ndio wa kushambulia. Askari wa b huenda b4, kisha b5. Wakilana pale c6, mweusi huachiwa askari mnyonge asiye na askari mwenziwe wa kumlinda, nazo ngome za mweupe zimemkodolea macho katika safu ya c.

Njia nyingine ni kutayarisha kwa f3, kisha kusukuma e4. Botvinnik alimshinda Keres kwa mpango huo mwaka 1952 katika mashindano ya ubingwa wa Muungano wa Kisovieti. Mimi huipenda zaidi, ingawa anayeanza asiikimbilie: askari wa e akiondoka e3, d4 hupoteza mhimili wake, na askari, tofauti na kete nyingine zote, hana njia ya kurudi.

Ndiyo maana ningependa mwalimu aondoe kete zote ubaoni, abakishe askari pekee, na kuuliza: safu ipi itafunguka, na ngome ya nani itafika kwanza? Aulizwe na mwenye kete nyeusi pia. Huyo, akiona b4, aweza kusukuma b5 yeye mwenyewe na kumpeleka farasi wake c4 kupitia b6. Askari wa c6 angali mnyonge, lakini farasi amekwisha kuiziba safu.