Mtoto akiuliza amoksilini inafanyaje kazi, mjibu kwa tofali

Mwanza. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia ni juisi.

Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 6, alikuwa ameandikiwa amoksilini ya maji kwa sababu sikio lilikuwa linatoa usaha. Alilia, akafunga mdomo, hataki hata kuiona. Nikamwambia, "Hii siyo dawa bwana, ni juisi." Akanywa bila shida.

Kesho yake asubuhi tukamkuta jikoni amepanda juu ya stuli, mkono unatafuta chupa kabatini. Mdogo wake wa miaka 3, mwenye mafua, yuko chini anasubiri zamu yake.

Na dada naye, nikiri tu, alikuwa na wazo hilohilo. Chupa ipo, huyu mdogo anakohoa, si tumgawie kidogo?

Ikabidi nikae chini na binti nimweleze ukweli. Kwa mshangao wangu, aliyesikiliza zaidi alikuwa mama yake.

Fundi asiye na saruji

Watoto wa Mwanza wanajua ujenzi. Ukipita Mabatini au Igogo unaona nyumba zinavyopandishwa kati ya mawe. Kwa hiyo nilianzia hapo.

"Kwenye sikio lako wameingia wadudu wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Wanaitwa bakteria. Kila mmoja amezungukwa na ukuta wake. Wakitaka kuongezeka, lazima wajenge ukuta mpya. Hii dawa inawanyima saruji. Tofali zipo, lakini hazishikani. Maji yanaingia, mdudu anapasuka."

Akafikiri kidogo. "Na mimi nitapasuka, mama mdogo?"

Hapana. Seli za mwili wa binadamu hazina ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo dawa haina cha kubomoa. Ndiyo maana mtoto anaweza kuinywa ikamuua bakteria na yeye akabaki salama.

Mfano huo hauko mbali na sayansi yenyewe. Amoksilini ni ya jamii ya penisilini, na kazi yake ni kuzuia vimeng'enya ambavyo bakteria hutumia kuunganisha ukuta wake.

Sasa kwa nini mdogo wake asipewe?

Mafua na vikohozi vingi vya watoto vinaletwa na virusi. Kirusi hana ukuta wa namna ile na wala hajengi. Anaingia kwenye seli ya mtu na kuitumia kujizalisha. Ukimpa mtoto mwenye mafua amoksilini, fundi wa kunyimwa saruji hayupo.

Lakini dawa haikai bure. Tumboni kuna bakteria wengi wasio na madhara, na wengine wana faida. Nao wana kuta. Wakiguswa, mtoto anaweza kuharisha. Yaani mafua yako palepale, na tumbo limeongezeka.

Binti alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Alimfuata mdogo wake na kumtangazia, "Wewe wadudu wako hawana ukuta."

Wanaobaki

Kuna sababu nyingine ambayo nilimweleza dada pembeni. Chupa ile ilipimwa kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa uzito wake. Ukiigawa kwa wawili, mgonjwa anakosa siku za mwisho za dozi, na asiyeihitaji anapata kiasi ambacho hakimsaidii.

Bakteria wanaonusurika ndio wanaoendelea kuzaana. Wengine wana kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi, kinaikata dawa kabla haijafika ukutani.

Jambo hili liko hapahapa kwetu. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando na kuchapishwa mwaka 2009 uliwaangalia bakteria waliopatikana kwenye sampuli za wagonjwa. Kwa aina moja, Klebsiella pneumoniae, asilimia 64 walikuwa na mkasi wenye nguvu zaidi, unaokata penisilini pamoja na dawa nyingine kali zilizo karibu nayo.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana anayeumwa koo, anajinunulia dawa na kutumia kidogo. Wadudu wanazoea, anamwambukiza mkewe, na kwa mke dawa inagoma. Katika mfano wa Fleming, mke anakufa.

Jikoni, ambako mambo mengi huharibikia

Dawa ya unga inachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya ziwani au ya bomba, yote yachemshwe. Jaza hadi kwenye alama ya chupa, siyo kwa kukadiria. Tikisa kila mara kabla ya kumpa, maana dawa hutuama chini. Ikishachanganywa haikai muda mrefu. Soma lebo, nyingi zinasema siku 7, kwa hiyo ile ya mwezi jana iliyobaki kabatini siyo akiba.

Tumia kipimo kilichokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani, kile cha chai cha kwako siyo cha jirani.

Vipo pia vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo safi au maziwa ya mama. Kama huna friji, mimi naona hivi ni rahisi zaidi, uliza kama vipo. Ile tabia ya kufungua kapsuli ya rangi mbili ya mtu mzima na kumwagia nusu kwenye uji ni kubahatisha, huwezi kujua mtoto amepata kiasi gani.

Ukiandikiwa "kutwa mara tatu", maana yake ni kila baada ya saa 8. Kumpa asubuhi, mchana na saa kumi jioni kunauacha usiku wote bila dawa.

Akitoka vipele mwili mzima, rudi kwa mhudumu kabla ya kuendelea. Akivimba uso au midomo, au akihema kwa shida, hiyo ni dharura, acha dawa na mkimbize hospitali. Na kama aliwahi kudhurika na penisilini, sema kabla hujaandikiwa.

Lini kikohozi siyo mafua tu

Dada aliniuliza swali la haki, "Sasa nitajuaje kama cha huyu mdogo ni nimonia?"

Mpandishe shati akiwa ametulia, hajalia wala hajatoka kukimbia. Weka simu dakika moja kamili na uhesabu kifua kinapanda mara ngapi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukifika hapo, au ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kabisa kama hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea haamki.

Yule mdogo tulimhesabu mara mbili. Alikuwa na 28. Alipewa maji mengi, tukampangusa pua, na chupa ya dada yake ikarudi kabatini, safari hii rafu ya juu kabisa.