Bwana Afya Akibisha Hodi: Ni Lazima Umfungulie?

Tukitembelea vikundi, swali hili halikosi. Bwana afya akija kukagua choo na jiko, je, mwenye boma anaweza kumwambia, "Leta kwanza kibali cha korti"?

Huko Marekani swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka wa 1963, mjini San Francisco, mpangaji mmoja kwa jina Camara alimkatalia mkaguzi wa idara ya afya kwa sababu hakuwa na waranti, yaani kibali cha hakimu cha kupekua. Wakaguzi walirudi mara mbili zaidi, jibu likawa lile lile. Mwishowe akakamatwa. Kumbuka, hakushtakiwa kwa uchafu, alishtakiwa kwa kukataa kukaguliwa.

Mwaka wa 1959 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekubali mtu wa Baltimore atozwe faini ya dola 20 kwa kumzuia mkaguzi aliyekuwa akitafuta panya. Lakini tarehe 5 Juni 1967 ikageuka: majaji 6 kati ya 9 wakasema Camara alikuwa na haki. Bila kibali, mwenye nyumba atajuaje kama huyu mtu ametumwa kweli, na mwisho wa upekuzi wake ni wapi?

Wengi husikia hapo tu na kupiga makofi. Ngojeni kidogo. Majaji hao walisema pia kwamba hakimu anaweza kutoa kibali kwa kuangalia hali ya mtaa mzima, au muda uliopita tangu ukaguzi wa mwisho, hata bila ushahidi juu ya nyumba yako. Na kukiwa na dharura, kama chakula kilichooza au ugonjwa wa kuambukiza, kibali hakingojwi.

Hapa kwetu, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda nyumba yako isipekuliwe ovyo. Lakini Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo ina meno: afisa akikupa notisi ya kuondoa uchafu nawe uipuuze, utajikuta kortini.

Kwa hivyo hatusemi mfunge milango, hasa kipindupindu kikiwa kijijini. Muulize kitambulisho cha kazi. Muulize anakagua nini, kisha utembee naye akikagua. Akikupa notisi, soma tarehe ya mwisho siku hiyo hiyo. Usipoielewa, ije nayo kwa mkutano wa kikundi kabla siku hazijaisha.