Dola 20 au dola 40: mchezo upi wa kujenga kijiji?

Kijana wa Vitshumbi, hapa Rutshuru, akitaka mchezo wa kompyuta wa kujenga kijiji cha Zama za Kati, uzuri wa picha haumsaidii kuchagua. Kwanza aangalie mega za intaneti, umeme na mashine aliyonayo. Hapo Banished, uliotoka mwaka 2014, unaushinda Manor Lords wa mwaka 2024 kabla hajafungua hata mmoja.

Banished ni dola 20, unachukua nafasi ya megabaiti 250 tu, na hata laptop iliyochoka inauweza. Manor Lords ni dola 40, unataka gigabaiti 15, RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya picha ambayo laptop nyingi za mitumba hazina. Gigabaiti 15 ni mara 60 ya 250, na mega hizo unazilipia pia. Yote miwili inauzwa kwenye duka la mtandaoni la GOG, ambako faili unalishusha na kulihifadhi. Kwa hiyo ukifika Goma, lishushe kwenye mtandao wa kasi, litie kwenye flashi, urudi nalo nyumbani ucheze bila intaneti.

Banished, kazi ya mtu mmoja, Luke Hodorowicz, unaanza na familia chache zilizofukuzwa kwao, zikiwa na zana, nguo na akiba ndogo ya chakula, na baridi inakuja. Hakuna fedha wala adui. Kwa sisi wa Rutshuru, tulioona watu wakikimbia vita na kurudi na kukimbia tena, mchezo wa kuanza upya bila bunduki mlangoni una thamani kubwa kuliko picha yoyote. Manor Lords una majambazi na majeshi ya bwana jirani. Anayeununua achague kwanza hali ya amani, ipo.

Jaribu sasa kuishi kama Vitshumbi, kijiji kilicho kando ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako kulima hakuruhusiwi. Katika Banished, jenga vituo vya uvuvi pekee. Watu watashiba, lakini afya itashuka kwa kula chakula kimoja. Itakubidi ujenge kituo cha biashara, wachuuzi waje kwa mashua, samaki watoke, mahindi na maharage yaingie. Huo ndio uchumi wetu wenyewe, na mchezo umeupata vizuri.

Kinachokosekana ni ziwa lenyewe. Vituo viwili vikikaribiana vinapunguziana mavuno, basi. Leseni, marufuku ya nyavu za matundu madogo na doria havimo. Uhai wa Ziwa Edward unategemea mambo hayo, na mimi ningependa sana mchezo unaoyagusa.

Kasoro nyingine itakuuma baadaye. Ukijenga nyumba nyingi kwa mara moja, vijana wote wanaoa pamoja, wanazeeka pamoja na kufa karibu wakati mmoja. Mashamba yanabaki bila mikono na njaa inaingia. Jenga moja moja. Kijiji kikishasimama imara, kazi inakwisha mapema. Hapo weka Colonial Charter, nyongeza ya bure iliyotengenezwa na wachezaji.

Anayependa kilimo cha kubadilisha mazao na magonjwa ya kijiji, Farthest Frontier ni wake, bei kati ya hiyo miwili, ila nao unataka mashine yenye nguvu. Wengine wasubiri punguzo: Banished hushuka hadi dola chache.