Maduara Haya Yana Dhamira Gani? Rangi na Uchoraji Dhahania Ziwani Viktoria

Mwekee mwanafunzi wa fasihi mchoro usio na mtu, mnyama wala nyumba. Swali lake la kwanza: "Sasa huyu anataka kusema nini?" Akikosa jibu, anahitimisha kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, eti sanaa yetu siku zote imekuwa na ujumbe ulio wazi. Makala haya yanapinga hitimisho hilo, na ushahidi uko kwenye ziwa letu wenyewe.

Sisi wa Pasiansi mawe makubwa tumeyazoea, na ziwa tunalo jirani. Ukivuka ziwa hilo kuelekea kaskazini mashariki, upande wa Kenya, utafika kisiwa cha Mfangano. Huko Mawanga na Kwitone, chini ya miamba, kuna maduara ndani ya maduara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro ya jamii hiyo ipo pia Nyero, wilaya ya Kumi, mashariki ya Uganda. Watafiti wengi huihusisha na wawindaji wa kale, jamaa wa Batwa. Linganisha na Kolo, Kondoa, katika eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: kule unatambua watu na wanyama. Mfangano unaona umbo na rangi tu. Basi huo ndio udhahania.

Hebu tuingie studio ya mchoraji huyo. Ukuta wa mwamba ndio turubai lake. Nyekundu hutokana na mawe yenye madini ya chuma, yanayosagwa hadi kuwa unga na kuchanganywa na kitu cha majimaji ili ushike. Nyeupe hutokana na udongo mweupe. Sehemu kubwa ya michoro ya aina hii ilichorwa kwa kidole, kwa hiyo unene wa mstari ni unene wa kidole. Unga mwekundu ni laini, huingia kwenye vinyweleo vya jiwe ukadumu. Mweupe hukaa juu juu, na baada ya muda hubanduka. Kumbe tunachokiona leo huenda si chote alichokiona mchoraji! Mhakiki anayesahau jambo hilo anahakiki nusu ya kazi.

Tena rangi haiishi peke yake. Josef Albers, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alionyesha kwamba rangi ile ile hubadilika machoni kufuatana na jirani yake. Iweke nyekundu kando ya nyeupe, kisha kando ya jiwe la kijivu, utaona tofauti. Naye Mrusi Wassily Kandinsky, akiwa Ujerumani mwaka 1913, alichora kwa rangi za maji miraba yenye maduara ndani ya maduara. Lilikuwa zoezi la kuchunguza rangi zinavyokaa pamoja. Hatusemi kwamba aliiga Afrika, wala kwamba wachoraji wa ziwa walikuwa na nia kama yake. Tunasema tu kwamba umbo analosifiwa nalo Kandinsky halikuwa geni huku.

Lugha yetu nayo ina la kutufundisha. Katika Kiswahili rangi tatu tu ndizo zenye vivumishi vinavyopatana na nomino: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine tunaziazima kwa vitu: rangi ya majani, ya chungwa, ya kahawia. Yaani tukitaja rangi nyingi, tayari tumetaja kitu. Labda ndiyo sababu tunahangaika kukitafuta kitu hata pale mchoraji alipokiondoa.

Je, michoro hii haina maana? Inayo. Wenyeji wa Mfangano waliyahusisha mapango hayo na maombi ya mvua. Lakini maana hiyo ilikaa katika matumizi ya mahali, katika watu waliokwenda pale na haja yao. Huwezi kuichomoa kwenye duara kama tunavyochomoa funzo kwenye ngano.

Hivyo basi, kabla ya kuuliza dhamira, tuulize kwanza: rangi hii imetoka wapi? Imewekwa jirani na nini? Imebaki kiasi gani? Fani ikishasomwa vizuri, maudhui yatajitokeza, tena pengine si yale tuliyoyatarajia. Mwenye hoja tofauti na aijenge, mjadala uendelee.