Je, Saa Pekee Yatosha Kumpima Mwanariadha?

Wakati wa kuchagua timu ya shule kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA unapowadia, shule nyingi zilizo kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, hufuata utaratibu mmoja. Wanafunzi hupangwa mstarini, filimbi hupulizwa, na mwalimu husimama mwisho wa uwanja akiwa na saa mkononi. Matokeo huandikwa daftarini. Wenye muda mfupi huchaguliwa. Waliobaki hurudi darasani, na aghalabu hawakimbii tena. Hivyo dakika chache za alasiri moja huweza kufungua au kufunga njia ya kijana mwenye kipaji.

Hapana shaka kwamba takwimu ni msaada mkubwa katika riadha. Lakini kila takwimu ni jibu la swali fulani, na mwenye kuitumia hana budi kwanza kulijua swali lenyewe. Saa husema mtu fulani alitumia muda gani siku fulani, katika uwanja fulani, akishindana na watu fulani. Haisemi, peke yake, kwamba mtu huyo ni hodari kuliko mwenzake. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili, na namna shule inavyoweza kuipunguza.

Kosa lililomo katika kipimo

Kila kipimo kina kosa lake. Mwalimu anayepima mbio za mita 100 akiwa kwenye mstari wa kumalizia, akaianzisha saa anaposikia filimbi, ameikosea fizikia. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Basi huchukua karibu sekunde 0.3 kumfikia. Wakati huo mwanafunzi amekwisha kuanza. Akiwa ni mkimbiaji wa kutumia sekunde 12.5, mwendo wake wa wastani ni mita 8 kwa sekunde, na sekunde 0.3 ni sawa na mita 2.4 za uwanja. Ndiyo maana wapimaji hufundishwa kutazama moshi wa bastola au bendera inayoshushwa, wala si kungoja mlio.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi wawili waliopimwa na walimu wawili tofauti, wakapishana kwa sekunde 0.2, hawawezi kusemwa kwa hakika kwamba mmoja ana mbio kuliko mwingine. Tofauti yao ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe.

Uwanja wenye mteremko

Katika eneo la Meru ni shida kupata uwanja ulio sawa. Watu wengi hudhani kwamba mteremko haudhuru kitu ikiwa mkimbiaji anazunguka na kurudi alikoanzia, kwa kuwa anachopoteza akipanda hukipata akishuka. Hesabu ndogo yaonyesha kwamba dhana hiyo si kweli.

Ichukuliwe mwanafunzi ambaye katika uwanja tambarare hukimbia mita 5 kwa sekunde. Mita 1,500 atazimaliza kwa sekunde 300, yaani dakika 5 kamili. Sasa akimbie katika uwanja ambao nusu yake ni mpando na nusu ni mteremko. Akipanda, mwendo wake hupungua kwa mita 1 na kuwa mita 4 kwa sekunde. Akishuka, huongezeka kwa mita 1 na kuwa mita 6 kwa sekunde. Mita 750 za kupanda zitamchukua sekunde 187.5, na mita 750 za kushuka sekunde 125. Jumla ni sekunde 312.5. Amechelewa kwa sekunde 12.5, ingawa alichopunguza na alichoongeza katika mwendo ni sawasawa. Sababu yake ni kwamba mkimbiaji hukaa muda mrefu zaidi katika sehemu ya polepole kuliko katika sehemu ya kasi.

Basi mwanafunzi wa shule ya mlimani mwenye dakika 5 na sekunde 10 huenda ni hodari kuliko yule wa mjini aliyepata dakika 5 na sekunde 3 katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mtu anayelinganisha madaftari mawili tu hawezi kulitambua jambo hilo.

Hewa ya Arusha na hewa ya pwani

Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,500. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa inayokandamiza kila eneo, inavyopungua. Arusha kanieneo hiyo ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, hubaki takriban asilimia 21. Lakini kwa kuwa hewa yote ni nyepesi, kila pumzi huingiza oksijeni pungufu mapafuni.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika katika jiji la Mexico, lililo kwenye mwinuko wa mita 2,240, na ilidhihirisha jambo hili mbele ya dunia nzima. Katika mbio fupi za wanaume za mita 100, 200 na 400 rekodi za dunia zilivunjwa, kwa kuwa hewa nyepesi haimzuii sana mkimbiaji, na mbio hizo hazitegemei sana oksijeni inayovutwa wakati huo huo. Katika mbio ndefu mambo yalikuwa kinyume. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, ilhali rekodi ya dunia ya wakati ule, ya Ron Clarke wa Australia, ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4. Bingwa wa Olimpiki alikuwa nyuma ya rekodi kwa dakika 1 na sekunde 48, na hakuna aliyedai kwamba medali yake haikustahili.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba pwani daima ni mahali pepesi pa kukimbilia. Joto na unyevu wa Dar es Salaam au Tanga huulazimisha mwili kupeleka sehemu ya damu kwenye ngozi ili kujipoza, na damu iendayo kwenye misuli hupungua. Mwinuko na joto ni mizigo miwili tofauti. Mwanafunzi aliyezoea mmoja huenda akashindwa na mwingine.

Rekodi na ushindi

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na kushinda kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa dakika 3 na sekunde 32.52. Rekodi ya zamani, iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Yaani Walker naye aliipita rekodi ya dunia, na bado akawa wa pili. Bila Bayi kumvuta kwa kasi ile, huenda muda huo asingeupata siku hiyo. Basi muda wa mkimbiaji huwa ni kazi ya wenzake pia.

Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia. Walker alitwaa medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, polepole kuliko muda wake wa Christchurch kwa zaidi ya sekunde 6. Uwezo wake haukuwa umepungua. Mbio hizo zilianza taratibu, kila mmoja akimvizia mwenzake, na ziliamuliwa mwishoni. Pale ambapo kila mtu anatafuta nafasi ya kwanza, saa haiwi lengo la mtu yeyote.

Mfano wa karibuni zaidi unahusu mbio za marathoni. Mwezi Desemba 2022, mjini Valencia, Gabriel Geay aliweka rekodi ya Tanzania ya saa 2, dakika 3 na sekunde 0. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ukiangalia tarakimu tu, mbio za Tokyo zilikuwa nyuma kwa dakika 6 na sekunde 48. Lakini Valencia ni njia tambarare, yenye hali ya hewa ya baridi kiasi mwezi Desemba, na huwa na wakimbiaji maalumu wa kuongoza kasi. Tokyo mwezi Septemba ni joto na unyevu, na katika mashindano ya dunia hakuna wa kumwongoza mtu. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule. Mshindi alijulikana kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu. Ustahimilivu wa joto, subira, na uamuzi wa wakati wa kuchomoka, mambo hayo hayaonekani katika safu ya muda.

Tena kuna John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, na kumaliza wa mwisho kwa muda wa zaidi ya saa 3 na dakika 25. Miaka miwili baadaye, mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ni mtu yule yule, na tofauti ni zaidi ya saa nzima. Ambaye angemhukumu kwa tarakimu ya kwanza angemkosa kabisa yule wa pili.

Bahati na umri

Muda wa jaribio moja unaweza kufikiriwa kuwa ni jumla ya vitu viwili: uwezo wa mkimbiaji, na bahati ya siku hiyo. Usingizi, chakula, malaria iliyopona juzi, mwendo wa kilomita kadhaa kutoka nyumbani asubuhi, vyote huingia katika bahati. Anayechagua walio bora wa siku moja huchagua pia waliobahatika siku hiyo. Ndiyo sababu wengi wao, wakipimwa tena, huonekana kurudi nyuma. Hawakuzembea; ni bahati iliyoondoka. Dawa yake ni kupima mara nyingi, kwa kuwa bahati hubadilika na uwezo hudumu.

Hali kadhalika, wanafunzi wa kidato kimoja huweza kupishana umri kwa mwaka au zaidi, na kubalehe kwao hupishana kwa miaka kadhaa. Kijana aliyewahi kukua humshinda mwenzake kwa urefu na nguvu, na ushindi huo huenda ukaisha mwenzake anapomfikia. Kwa wasichana mambo yaweza kwenda kinyume: mwili unapobadilika, muda husimama kwa kitambo, na wengi huachwa wakati huo ambao wangehitaji kungojwa.

Jicho nalo hudanganya

Isije ikafikiriwa kwamba saa itupwe na mwalimu ategemee jicho lake. Jicho hupenda mwendo mzuri, kifua kilichonyooka na miguu mirefu. Emil Zatopek wa Chekoslovakia alikimbia huku akikunja uso na kuyumbisha kichwa kana kwamba anateswa, na mwaka 1952 mjini Helsinki alitwaa dhahabu katika mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Saa ndiyo iliyomtetea dhidi ya macho ya watazamaji. Kipimo kinahitajika, kinachotakiwa ni kukizungushia maelezo yake.

Njia ya kufuata shuleni

Shule yoyote inaweza kufanya yafuatayo bila gharama kubwa:

1. Kila mwanafunzi apimwe angalau mara 5 katika muda wa wiki 6, na matokeo yapangwe kuanzia dogo hadi kubwa. Lile la katikati ndilo lichukuliwe, kwa kuwa haliyumbishwi na siku moja nzuri mno au mbaya mno.

2. Kando ya kila muda paandikwe hali ya uwanja, joto, upepo, saa ya siku, na nani alikimbia na nani.

3. Muda wa kila mzunguko uandikwe peke yake. Ambaye mizunguko yake hukaribiana ameijua nguvu yake; ambaye huanza kwa kishindo na kufifia anahitaji mafunzo, wala si kukataliwa.

4. Wanafunzi wenye muda unaokaribiana washindanishwe ana kwa ana, zaidi ya mara moja, na nafasi zao zihesabiwe.

5. Umri na urefu viandikwe kila muhula, ili maendeleo ya mtu yapimwe dhidi yake mwenyewe.

Kazi hii inaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe katika somo la hisabati au fizikia. Watajifunza wastani, mtawanyiko na kosa la kipimo kwa tarakimu walizozitoa jasho. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa miaka mitatu au minne, litakuwa na thamani kuliko majaribio ya alasiri moja. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika kibaba hicho huenda akaonekana mwanafunzi ambaye, kwa saa ya siku moja, alikuwa ameachwa kwa sekunde mbili.