Jenerali aliyegeuziwa picha ukutani

Mwaka 1861, katika nyumba ya shamba huko Southampton, Virginia, inasimuliwa kuwa dada zake George Henry Thomas waliigeuza picha yake ikatazama ukuta. Virginia ilikuwa imejitenga na Marekani, na kaka yao, ofisa wa jeshi tangu alipohitimu West Point mwaka 1840, alikataa kuvunja kiapo. Robert E. Lee, Mvirginia mwenzake na mkubwa wake katika kikosi cha wapanda farasi, alikwenda upande wa Kusini uliojitenga. Thomas akabaki na jeshi la Marekani, yaani Kaskazini.

Kubaki huko kulimponza kote kote. Kwao aliitwa msaliti. Kaskazini nako wapo waliomshuku kwa kuwa mzaliwa wa Kusini. Hakubishana na mtu. Januari 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, alishinda pigano la Mill Springs, Kentucky.

Siku iliyompa jina ilikuwa 20 Septemba 1863, Chickamauga, Georgia. Amri iliyokosewa iliacha pengo katika safu, wapiganaji wa Kusini wakapenya, na kamanda mkuu Rosecrans akarudi nyuma hadi Chattanooga. Thomas aliwakusanya waliosalia kwenye kilima cha Snodgrass. Risasi zilipopungua, askari walipekua mikoba ya wenzao waliokufa. Walishikilia hadi giza likaingia, na jeshi likanusurika. Tangu hapo akaitwa Mwamba wa Chickamauga.

Desemba 1864, mjini Nashville, Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, alimhimiza kwa simu za maandishi ashambulie, hata akapanga kumwondoa. Ardhi ilikuwa imefunikwa na barafu, farasi walianguka. Thomas alisubiri. Tarehe 15 barafu ilikuwa imeyeyuka, na kwa siku mbili alilivunja jeshi la Hood, jenerali wa Kusini. Miongoni mwa waliopigana chini yake walikuwamo askari weusi. Yeye, aliyekulia katika nyumba yenye watumwa na aliyewahi kutilia shaka uwezo wao, alipoona miili yao karibu na ngome za adui alikiri kwamba wanaweza kupigana.

Alifariki San Francisco tarehe 28 Machi 1870, akiwa na miaka 53, na akazikwa Troy, New York. Ndugu zake wa damu hawakuhudhuria.

Lakini upanga waliomtunuku watu wa Southampton kwa ushujaa wake katika vita vya Mexico ulibaki kwa dada zake. Picha waliigeuza, upanga hawakuutupa. Hata waliomkana walijua walikuwa wamemlea mtu wa namna gani.