Kuomba Ushauri kwa Asiyekujua

Kata ya Nsemulwa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, imo katika Mkoa wa Katavi, ambao wakazi wake wameongezeka maradufu katika muda wa miaka kumi: sensa ya mwaka 2012, iliyofanyika mwaka uleule Katavi ilipomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, ilihesabu watu 564,604, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Wenyeji wa eneo hili, yaani Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na jirani zao, wamekuwa wakipokea wageni tangu reli ya kutoka Kaliua ilipojengwa ili kusafirisha madini ya risasi ya Mpanda, na baada ya hapo wakaja wafugaji wa Kisukuma waliofuata malisho, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wafanyabiashara wa Kiha na Kifipa, pamoja na Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Katika mji uliojengeka hivyo, watu wengi wanaishi mbali na shangazi, babu au somo ambaye kwa desturi ndiye angesikiliza shida zao, na ndiyo maana kumtafuta mshauri miongoni mwa watu wasiojulikana, kwa njia ya simu ya mkononi, si mtindo wa wachache wa Dar es Salaam tu.

Mahali panapojulikana zaidi kwa shughuli hiyo nchini Tanzania ni JamiiForums, jukwaa la majadiliano la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2006 na ambalo mwasisi wake anayefahamika zaidi ni Maxence Melo. Jukwaa hilo lilipata sifa kwa mijadala ya siasa na ufichuaji wa ufisadi, lakini mojawapo ya sehemu zake zenye watu wengi ni ile inayoitwa MMU, kifupi cha Mahusiano, Mapenzi na Urafiki, ambamo mtu huingia kwa jina la kubuni na kueleza mambo ambayo hangethubutu kuyataja mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Huanza na salamu kwa “wakuu”, kisha hukiri kuwa yuko njia panda, husimulia kisa chake, na mara nyingi humaliza kwa kusihi asitukanwe. Mazungumzo yanayofuata chini ya kisa hicho huitwa uzi. Wachangiaji wakishuku kwamba habari imetungwa husema kuwa hiyo ni “chai”, na wakiridhika kuwa ni ya kweli humdai mhusika mrejesho, yaani arudi baada ya siku chache aeleze ushauri ulimfikisha wapi. Kudai mrejesho ni jambo dogo kwa sura, lakini ndicho kitu pekee katika utaratibu mzima kinachowafanya washauri waone matokeo ya maneno yao.

Kinachohitaji kuelezwa ni sababu ya mtu kumwamini asiyemjua kuliko anayemjua. Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni, kwa kuwa hafungwi na ukoo wala maslahi ya mahali alipofikia, hupokea siri ambazo wenyeji hufichana wao kwa wao. Hoja hiyo haikuwa mpya kwa watu wa Tanzania, ambao muda mrefu kabla ya Simmel walikuwa wameijengea desturi kamili. Utani wa makabila, ambao kwa sehemu kubwa ulienea kwa misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma iliyokuwa ikienda pwani, ulimpa mtu wa nje ruhusa ya kumwambia mwenyeji ukweli ambao ndugu yake angeshindwa kuutamka, hata msibani, bila kuzusha ugomvi. Mtani hana upande katika urithi, katika mahari wala katika chuki za ndugu; neno lake linapokelewa kwa sababu hiyo hasa.

Ukanda wa Rukwa na Katavi una mfano mwingine, na huu hautulizi moyo. Mnamo miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis alichunguza Ufipa harakati iliyoitwa kamchape, ambayo wataalamu wake walialikwa vijijini ili wawabaini watu waliodhaniwa kuwa wachawi, wawaoshe na kurudisha amani, na hadi miaka ya karibuni waganga wa aina hiyo, wanaoitwa lambalamba, wameendelea kuzua fujo katika vijiji vya Katavi. Waliitwa kwa sababu ileile inayompeleka mtu wa leo mtandaoni: wenyeji walikuwa wameshindwa kuamua jambo lao wenyewe, na mtu wa kutoka nje alionekana hana kinyongo na yeyote. Lakini mtu huyo, akishamtaja mzee fulani kuwa ndiye chanzo cha vifo, huondoka, na mzee hubaki akiishi na majirani waliosikia jina lake. Kutokuwa na upande hakumpi mtu busara, na wala hakumwekei dhamana yoyote juu ya anachokisema.

Kabla ya intaneti kazi ya kumshauri mtu asiyejulikana ilifanywa na magazeti. Mchapishaji wa London, John Dunton, alianzisha mwaka 1691 jarida lililojulikana kama Athenian Mercury, ambalo wasomaji wake walituma maswali bila kutaja majina na kujibiwa na kikundi kidogo cha waandishi waliojifanya jopo la wanazuoni. Katika Afrika Mashariki, vijana wa miaka ya 1960 na 1970 waliandika barua za mapenzi yaliyowasumbua kwenda kwa “Dolly” wa jarida la Drum, na mwanahistoria Kenda Mutongi amezichambua barua hizo kama kumbukumbu ya namna vijana walivyojaribu kupatanisha matakwa ya wazazi na maisha ya mjini. Hata hivyo, barua ya gazeti ilipita mikononi mwa mhariri, ambaye alichagua, alifupisha na alifuta, na aliyejibu alikuwa na kazi ya kupoteza iwapo angeandika upuuzi. Mtandao umemwondoa mhariri huyo, ukaweka mahali pake umati unaojibu ndani ya dakika chache, mchana na usiku, na ambao kila mmoja wake aweza kutoweka pasipo kuulizwa.

Mwanasaikolojia John Suler alieleza mwaka 2004 kwamba mtu asiyeonekana na asiyejulikana hulegeza vizuizi ambavyo humbana anapokuwa uso kwa uso na wenzake, na kwamba kulegea huko kuna sura mbili: humfanya mwenye shida afunguke kuliko alivyokusudia, na humfanya msomaji wake awe mkali kuliko ambavyo angekuwa barazani. Sura hizo mbili haziwezi kutenganishwa. Mwanamke anayeandika usiku kwamba mume wake amechukua mkopo bila kumwambia anapata ujasiri kutoka katika pazia lilelile linalompa mwingine ujasiri wa kumwita mjinga.

Ipo faida isiyotegemea majibu kabisa, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani waliwataka wanafunzi wa chuo waandike kuhusu matukio yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku kwa siku nne mfululizo, na miezi iliyofuata wale walioandika hisia zao pamoja na matukio yenyewe walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Anayelazimika kuliweka jambo lake katika sentensi ambazo mgeni ataelewa hana budi kuamua lilianza lini, nani alisema nini kwanza, na ni lipi hasa analoliuliza. Wengi hufika mwisho wa maelezo yao wakiwa tayari wameliona jibu, na huomba tu mtu awathibitishie. Tafakuri za kila siku ambazo watu huziandika bila kuuliza swali lolote, kuhusu upweke wa kituo kipya cha kazi au uchungu wa kumzika mzazi kwa mbali, zina thamani hiyohiyo, na ni makosa kuzidharau kuwa ni porojo.

Kasoro kubwa ya ushauri huo ni kwamba umati husikia upande mmoja tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililitambua tatizo hili kwa kutaka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, chombo kinachotakiwa kuwapo katika kata, kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka, na baraza huwaita mume na mke wote wawili. Mtandaoni mume hayupo. Jibu linalotolewa upesi kuliko yote, kwamba “achana naye”, hutoka kwa mtu ambaye hatalea watoto, hatagawana shamba wala kurudisha mahari. Kisha kuna wale wanaosimulia jinsi walivyosaidiwa na mganga fulani na kuacha namba yake ya simu: hao si washauri bali ni wachuuzi, na mara nyingi msimuliaji na mganga ni mtu mmoja.

Jina la kubuni nalo halifichi kama inavyodhaniwa. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa madai ya kuzuia uchunguzi, kwa kuwa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka hazikutolewa, na mashauri yake yalichukua miaka. Juni 2018 jukwaa lilisimama kwa muda baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kudai leseni, na Septemba 2025 leseni hiyo ikasitishwa kwa siku 90. Sababu hazikuwa mijadala ya MMU, lakini mlango uliofungwa ulikuwa pia wa waliokuja kuuliza habari za ndoa zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa mwananchi haki juu ya taarifa zake, ila haiwezi kumkinga na maneno aliyoyaandika mwenyewe. Katika mji wa kadiri ya Mpanda, kutaja kwamba mhusika ni mwalimu wa somo fulani, ana watoto mapacha na amehamia Nsemulwa mwaka jana kunatosha kumfanya atambulike kabla ya jioni. Anayeuliza na abadilishe kazi, idadi ya watoto na jina la mahali, kwa kuwa ushauri wenyewe haupungui kitu.

Wanaostahili uangalifu kuliko wote ni wasichana. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 uliiweka Katavi juu ya mikoa yote, kwa asilimia 45 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au waliokuwa na mimba ya kwanza. Msichana wa umri huo akiuliza mtandaoni kuhusu mimba au dawa, hajui kama anayemjibu ni muuguzi, mwanafunzi mwenzake au mwanamume anayetafuta namba yake, na hapo tofauti kati ya mgeni na mgeni huwa jambo la uhai. Swali kama hilo lina mahali pake: muuguzi wa zahanati, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au huduma ya simu kwa watoto ya namba 116, ambako anayepokea pia ni mtu asiyemjua mpigaji, lakini amefundishwa kusikiliza na anawajibika kwa anachosema. Kuipiga namba hiyo ni bure.